Penseli ya Kumi na Mbili

Kwa miaka thelathini na sita Fundi Chapa aliendesha maisha yake kwa kuandika neno moja tu. Alikaa mbele ya mashine yenye joto kama la pasi, akavuta mpini, na kila alipovuta, penseli moja ilitoka imeandikwa TARISHI kwa rangi ya dhahabu. Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika siku nyingi. Hata kadi yake ya zahanati iliandikwa Fundi Chapa, naye hakujisumbua kuisahihisha.

Kiwanda chenyewe kilishakufa. Penseli za bei ya chee kutoka ng'ambo ziliingia madukani kwa maboksi na maboksi, mashine zikakatwa zikauzwa chuma chakavu, na jengo sasa ni bohari la magodoro. Kilichobaki cha Tarishi duniani, kwa kadiri mtu yeyote anavyojua, ni mikebe saba ya biskuti iliyokaa chini ya kitanda cha Fundi Chapa. Ndani yake penseli zimefungwa kwa magazeti, na hakuna hata moja iliyowahi kuguswa na kichongeo.

Majirani walimwona mtu aliyepungukiwa. Mzee mzima na upara wake, anaweka penseli zisizoandika! Wao walichokosa ni subira ya kukaa naye nusu saa. Angewafungulia mkebe wa kwanza, wa Tarishi za mwanzo zilizopakwa kijani, na kuwaeleza kituko chake. Penseli za kijani na za njano zilikuwa za mbao ile ile na gundi ile ile, na risasi yake, yaani huo unga wa grafaiti uliokandwa na udongo, ilichomwa tanuri moja. Tofauti ilikuwa rangi tu. Lakini wenye maduka waliirudisha ya kijani wakiapa kwamba inavunjika ovyo na kukwaruza karatasi, huku ya njano wakiisifu mpaka basi. Makampuni ya ng'ambo yalishawazoesha watu kwa matangazo kwamba penseli ya maana ni ya njano, na mikono yao ikaamini. Meneja alicheka mpaka akatoa machozi, akaamuru kila kitu kipakwe njano.

Mkebe wa pili ulikuwa wa penseli za wino, zile ambazo ukizilowesha kwa ulimi maandishi yanageuka zambarau na kung'ang'ania karatasi. Makarani wa posta na forodha walizipenda kupindukia, na ukitaka kumjua karani ulimwambia atoe ulimi. Tangazo lake lilikuwa neno moja lililobandikwa kila ukuta wenye nafasi: HAIFUTIKI. Kulikuwa na mkebe wa penseli bapa za seremala, ambazo hazibingiriki zikiwekwa juu ya paa, na mkebe wa penseli zilizochapwa jedwali la kuzidisha, ambazo walimu walizipiga marufuku kwenye mitihani. Nyingine zilitolewa bure ukinunua mche wa sabuni. Sabuni hiyo hakuna anayeikumbuka.

Mkebe wa saba haukufunguliwa kwa ajili ya mgeni. Ndani yake mlikuwa na penseli moja, imelazwa kwenye pamba.

Ili kuielewa penseli hiyo lazima umjue mke wa Fundi Chapa. Yeye alifanya kazi chumba cha jirani, cha uchambuzi, na kiwandani walimwita Hakimu, kwa sababu penseli iliyofika mbele yake haikuwa na wakili. Aliiachia ibingirike kwenye ubao wa mteremko, akatazama kama inayumba. Akachungulia kichwani mwake kama risasi imekaa katikati. Akasoma chapa. Iliyofaulu ilikwenda kwenye boksi. Iliyofeli aliivunja katikati kwa vidole vyake, tak, akaitupa ndooni. Ndiyo ilikuwa sheria ya kiwanda: mbovu isitoke getini ikiwa nzima, isije ikamfikia mteja na kuliharibu jina la Tarishi. Wenzake waliegemeza penseli kwenye ukingo wa meza ndipo wakavunja. Yeye hakuhitaji meza, na iliyokwisha kuvunjika hakuitazama tena.

Fundi Chapa, wakati huo kijana mwenye nywele nyingi na maneno machache, alijipitishapitisha kwenye mlango wa chumba hicho mwaka mzima bila kufungua mdomo. Mwishowe akaamua kusema kwa njia anayoijua. Saa ya chakula cha mchana alipanga herufi mpya kwenye mashine yake, akapiga penseli kumi na mbili: CHAPA NA HAKIMU. HAIFUTIKI. Kumi na moja zilitoka safi. Ya kumi na mbili mkono ulimtetemeka, maandishi yakaenda upande. Kengele ilikuwa imelia, hakukuwa na nafasi ya kupiga nyingine. Akazipanga zote kwenye trei ya Hakimu, ile mbovu mwisho, akarudi kwenye kiti chake roho juu.

Kati ya vyumba viwili kulikuwa na dirisha la kioo. Kupitia hapo alimwona Hakimu akiibingirisha ya kwanza, akaisoma, akaitia kwenye boksi, uso mkavu. Ya pili hivyo hivyo, mpaka ya kumi na moja. Kisha akafika kwenye ile iliyopinda. Akaishika kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa katikati. Fundi Chapa akafumba macho kungoja ule mlio, na mlio haukuja. Alipofumbua, Hakimu alikuwa anaichomeka penseli ndani ya kilemba chake, na mkono wa pili ulishaenda kuchukua kazi nyingine.

Ndiyo penseli mbovu pekee aliyopata kuisamehe, na ndilo jibu alilompa. Zile kumi na moja, alizozitoa kwenye boksi jioni ile, walizitumia nyumbani kwa barua, orodha za sokoni na kazi za shule za binti yao, zikachongwa zikaisha, kama inavyotakiwa. Ya kumi na mbili ikakaa kwenye pamba.

Ugonjwa wa kusahau ulimwingia Hakimu kwa kunyatia. Alianza kusahau sufuria jikoni, akaja akasahau njia ya sokoni, kisha jina la binti yake. Fundi Chapa alijipa moyo kila hatua. Sufuria, nani hasahau sufuria? Halafu asubuhi moja mkewe alitoka chumbani, akamkuta amekaa anafunga viatu, akasimama kwa heshima na kusema, "Shikamoo." Akamuuliza kwa adabu kama mwenye nyumba amekwisha kuamka. Fundi Chapa aliitikia "Marahaba," akamalizia kufunga viatu. Tangu siku hiyo akawa mgeni nyumbani kwake mwenyewe.

Alimvumilia, na hilo halikuwa kazi. Kazi ilikuwa kumwinua bafuni akiwa na magoti mabovu ya miaka sabini na nne. Mara mbili Hakimu alitoroka, na mara zote mbili alikutwa kwenye geti la kiwanda cha zamani, akiwagombeza wapakiaji wa magodoro kwa kuchelewa kazini. Mara ya tatu Fundi Chapa alianguka naye bafuni, akavunjika mbavu mbili. Hapo binti yao, mkunga katika mji wa mbali, alikuja mbio.

"Baba, nimepata nafasi," alisema. "Kuna nyumba ya wazee karibu na kazini kwangu. Ni ya akina mama tu, na kitanda ni kimoja. Nitamwona kila siku."

"Na mimi?"

Kwa binti ni chumba kimoja, watoto watatu na mume. Fundi Chapa alikuwa anajua hayo, akauliza tu.

"Mtu aliye kwa mumewe hatolewi," alisema.

"Baba, mama hajui kama yuko kwa mumewe."

Neno hilo lilimchoma kuliko mbavu. Kisha akaomba kitu ambacho mtu mwenye akili tulivu asingekiomba. Akaomba wiki moja. Ikiwa mpaka Jumamosi Hakimu hatamtambua, binti amchukue. Binti alimtazama baba yake, akaona jinsi shati lilivyomlegea, akashindwa kukataa.

"Haya. Akikujua hata mara moja mbele yangu, simtoi. Tutatafuta njia nyingine."

Jumatatu Fundi Chapa alivunja mlango wa kabati bovu, akautia miguu miwili mirefu na miwili mifupi, akaupiga msasa. Ukawa ubao wa mteremko. Akauweka mezani mbele ya mkewe, ndoo kulia, boksi kushoto, kama ilivyokuwa. Penseli alizinunua duka la kona, pakiti mbili zenye picha za katuni.

Hakimu aliutazama ubao kwa muda. Kisha mgongo wake, uliokuwa umejikunja tangu mwaka jana, ukanyooka. Akachukua penseli ya kwanza, akaiachia. Ilibingirika ikiyumba. Tak, ndooni. Ya pili, akachungulia kichwani: risasi ilikuwa imekaa pembeni kabisa. Tak. Kati ya ishirini na nne alizivunja ishirini na tatu, na ile iliyobaki aliiangalia kwa mashaka.

"Takataka," alisema. "Nani kaleta takataka hizi?"

Fundi Chapa alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na kucheka kukageuka kulia bila yeye kujua. Lilikuwa neno la kwanza la maana kutoka kwa mkewe kwa miezi minne.

Jumanne akafungua mkebe wa kwanza. Miaka yote hiyo alikuwa akizishika penseli zake kwa kitambaa, akimfukuza hata mjukuu wake anayezisogelea. Sasa alizimwaga kwenye trei kama njugu. Hakimu alizichambua moja moja, zikamridhisha, zikaenda kwenye boksi nzima nzima. Chache alizivunja, na Fundi Chapa alipotazama ndooni aliona kwamba hakuonea hata moja. Kweli risasi ilikuwa pembeni, kweli rangi ilikuwa imetoka povu. Alikuwa amekaa na mbovu miaka arobaini bila kujua. Jumatano ukaisha mkebe wa tatu. Siku hizo Hakimu alikula vizuri, akalala vizuri, na bafuni aliinuka mwenyewe akisema kengele imelia.

Ijumaa, akiwa katikati ya kazi, aliuliza bila kuinua macho, "Yule kijana wa chapa hajapita leo?"

Fundi Chapa akaweka chini mkebe aliokuwa anaufungua. "Kijana gani?"

"Yule wa nywele nyingi. Anapita hapa mara kumi kwa siku, eti anatafuta kitambaa." Akatabasamu peke yake. "Anadhani sioni."

"Hakimu. Ni mimi."

Aliinua macho, akamtazama mzee aliyekaa mbele yake, kichwa kisicho na unywele, meno matatu ya pembeni hayapo. Akacheka, si kwa ubaya, kama mtu aliyetaniwa.

"Wewe? Mzee wangu, yule ni kijana."

Akarudi kwenye ubao. Fundi Chapa alitoka uani akashika ukuta. Yumo! Yule kijana yumo humo ndani ya kichwa cha mkewe, na nywele zake zote, na mkewe anamtabasamia. Mtu mwingine angeona hapo ndipo pa kukata tamaa. Yeye aliona amebakiza hatua moja. Alihitaji kitu cha kumshika kijana yule mkono na kumleta mpaka kwa mzee huyu, na kitu hicho kilikuwa kwenye pamba.

Jumamosi asubuhi binti alifika na gari la kukodi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo. Usiseme kitu, tazama tu."

Hakimu alikuwa ameshaketi kwenye ubao wake, kilemba kimefungwa vizuri. Alimwamkia binti kama anavyomwamkia mkaguzi wa serikali, akaendelea. Fundi Chapa alimwekea trei ya penseli kumi na mbili: kumi na moja safi za njano kutoka mkebe wa tano, na ile ya kwenye pamba mwisho kabisa. Aliipanga hivyo makusudi, kama siku ile.

Ya kwanza ilibingirika sawasawa, ikaingia kwenye boksi. Binti alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Ya tano. Ya nane. Fundi Chapa alisogeza kiti mpaka magoti yake yakakaribia ya mkewe. Ya kumi na moja.

Akaichukua ya kumi na mbili. Ilibingirika vizuri, mbao yake haikuwa na kosa. Risasi ilikuwa katikati. Akaigeuza kwenye chapa, na hapo vidole vyake vikasimama.

"Chapa na Hakimu," alisoma polepole. "Haifutiki."

Hakimu aliisogeza penseli karibu na macho, akaisoma tena, midomo ikicheza. Uso wake ukalainika, na binti akainuka nusu kwenye kiti, kwa sababu hata yeye aliona. Hakimu akainua macho, akamtazama mumewe usoni, moja kwa moja. Alimtazama muda mrefu.

"Imepinda," alisema.

Tak.

Vipande viwili vikaanguka ndooni. Mkono wake ulikwishaenda kwenye trei kutafuta nyingine, ukakuta trei tupu, ukabaki umenyooshwa.

Binti aliziba mdomo wake. Fundi Chapa hakutikisika. Alikuwa amejidanganya wiki nzima juu ya jambo lililokuwa wazi: siku ile ya kwanza Hakimu hakuisamehe penseli. Hakuwahi kuisamehe penseli mbovu maishani mwake. Alimsamehe kijana aliyekuwa nyuma ya kioo, amefumba macho. Leo nyuma ya penseli hapakuwa na mtu anayemjua, na kazi ni kazi.

"Nani kapiga hii?" Hakimu aliuliza, akimgeukia kwa ukali kidogo, kama mtu anayemuuliza tarishi wa ofisi.

"Fundi mmoja," alisema Fundi Chapa. "Fundi mmoja hapo chumba cha pili."

"Mwambie awe makini. Jina likipinda, nani atanunua?"

"Nitamwambia."

Saa nne wakajiandaa kuondoka. Fundi Chapa hakugombana, hakuomba siku nyingine. Aliupakia ubao kwenye gari, kisha mikebe, mmoja mmoja, yote sita.

"Baba, hizi si ni zako?" binti alisema. "Umezitunza maisha yako yote. Atazivunja."

"Zitakazofaulu hatazivunja. Zikiisha, zirudishe kwenye trei, ataanza upya. Hatajua."

Mzee alikuwa amesahau kitu kimoja tu, ndoo, na akarudi ndani kuichukua. Alipotoka, Hakimu alikuwa ameketi kiti cha nyuma, mikono juu ya mapaja, ametulia kama mfanyakazi aliyemaliza zamu yake. Alimpungia mkono kupitia dirishani.

"Kesho usichelewe," alimwambia.

"Sitachelewa."

Binti alikuwa ametandaza fomu juu ya boneti. Nyumba ya wazee ilitaka mume mwenyewe aandike jina la mama, na uhusiano wake naye, na kutia sahihi kwamba anakubali. Fundi Chapa aliweka ndoo chini, akaokota ndani yake kipande kirefu cha ile penseli. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na kisu kidogo cha kuchongea, alichokibeba tangu kiwandani na ambacho hakuwahi kukigusisha penseli za mikebe yake. Alikichonga pale pale, akiwa amesimama, taratibu, na mbao ikatoka utepe mmoja mrefu bila kukatika. Ilikuwa penseli nzuri. Akaandika jina la mkewe lote, lile ambalo hakuna aliyelitumia tangu walipooana, na chini yake, kwenye nafasi ya uhusiano, akaandika *mume*.

Binti aliitazama karatasi. Alifuta macho kwa kiganja, akafungua mkoba, akatoa peni ya bluu na kumpa.

"Samahani, baba. Hawapokei ya penseli," alisema kwa upole. "Penseli inafutika."

"Najua," alisema Fundi Chapa, akaichukua peni, akaandika tena juu ya yale yale.